Kulisoma Tairi

Nawasalimu ninyi mlioko Tarime mjini, Sirari, Nyamwaga na Nyamongo, na ninyi wa ng'ambo ya mto Mara, Mugumu, Nata na Ikoma. Leo hatutasoma kitabuni. Wiki iliyopita nilimwomba kila kiongozi wa darasa alete tairi moja kuukuu, alilaze chini mbele ya darasa. Kama tairi bado halijafika, mtumeni kijana mmoja kwa fundi wa pancha aliye jirani. Hatakosa la kuazima.

Najua wako watakaouliza: sisi tumekuja kujifunza kusoma, tairi la nini? Basi litazameni. Tairi ni ukurasa, na ukurasa huo una maandishi ya namna mbili. Ya kwanza yameandikwa kiwandani, nayo ni herufi na tarakimu kama zile mnazoandika madaftarini. Ya pili yameandikwa na barabara, nayo ni jinsi mpira ulivyolika. Mtu asiyesoma yote mawili hununua kwa macho tu, na macho hudanganywa upesi na kitu kinachong'aa.

Nitawapa mfano wangu mwenyewe, ingawa haunipi sifa.

Mimi nina gari aina ya Subaru Impreza, la mitumba kutoka Japani. Ni gari la kasi. Wenye umri wangu tulikua tukisikia habari za mashindano ya Safari, na mwaka 1997 gari la aina hiyo ndilo lililoshinda, likiendeshwa na Colin McRae. Kwa hiyo nalipenda gari langu kupita inavyomfaa afisa elimu. Mwaka 2022 niliona matairi ya nyuma yamekwisha upande wa ndani. Upande wa nje kashata zilikuwa bado nzuri, lakini ndani palikuwa kipara kabisa. Sikujiuliza kwa nini. Nilikwenda dukani nikanunua matairi mawili. Yalikuwa meusi, yanang'aa, na yale manyoya madogo ya mpira yalikuwa yamesimama kama ndevu za mahindi. Muuzaji aliniambia ni mapya, hayajapata kukanyaga barabara. Alisema kweli, hayajapata kukanyaga barabara.

Mwezi wa tano baada ya kuyafunga nilikuwa nateremka kuelekea Mugumu, nikiwa na walimu wawili na mama mmoja aliyempakata mwanawe. Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka. Gari likajigeuza mara moja na kusimama limeegemea ukingo wa barabara. Hakufa mtu. Lakini yule mtoto alivunjika mkono, na mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni mimi ndiye ninayeanza kuinamisha macho.

Aliyekuja kutusaidia ni mzee mmoja, fundi wa pancha, aliyejifunza kusoma akiwa amekwisha pita miaka hamsini, katika darasa kama lenu. Alilivua tairi, akaligeuza polepole, akaweka kidole chake juu ya tarakimu nne ubavuni. Akasema, "Mwalimu, hii ni 3309. Hukuisoma?"

Sikuisoma. Mimi mwenye diploma ya chuo kikuu, niliyetumwa kuwafundisha wengine kusoma.

Basi tuanze na tarakimu hizo. Tafuteni ubavuni herufi D, O na T zilizofuatana. Baada yake kuna herufi na tarakimu nyingine, na mwishoni, mara nyingi ndani ya duara lililorefushwa kama yai, zipo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi langu lilisema 3309, yaani juma la 33 la mwaka 2009, katikati ya mwezi wa Agosti. Nililinunua mwaka 2022. Toeni: 2022 kutoa 2009 ni 13. Lilikuwa limekaa miaka 13 stoo, na mpira huzeeka hata ukikaa bure. Hukauka, hufanya nyufa ndogo, na ile mikanda ya ndani huanza kuachana. Makampuni mengi yanayotengeneza matairi huonya kwamba tairi likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake ni ndefu. Kama tarakimu hizo hamzioni, geuzeni tairi, kwa maana mara nyingine tarehe huandikwa upande mmoja tu. Na mkiona tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Hilo likate ufanyie makatambuga.

(Hapa kiongozi wa darasa aandike ubaoni tarakimu za tairi lililoletwa. Kila mtu atafute umri wake.)

Lakini uzee ulikuwa nusu tu ya jambo. Mzee yule alinionyesha kwamba hata tairi hili la pili, kwa miezi minne na kitu, lilikuwa limekwisha lika ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Barabara ilikuwa imeniandikia barua ile ile mara ya pili, nami sikuifungua.

Haya, tusome maandishi ya barabara. Pitisheni kiganja juu ya kashata za tairi lililo mbele yenu.

Kama limelika katikati na kingo zake mbili ni nzima, lilijazwa upepo kupita kiasi. Kama limelika kingo zote mbili na katikati ni zima, upepo ulikuwa haba. Makosa haya hayahitaji fundi. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango, utaona karatasi iliyobandikwa yenye kipimo cha upepo. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na pampu zetu nyingi husoma kwa paundi. Andikeni: 200 ni paundi 29, 220 ni paundi 32, 250 ni paundi 36. Pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kuwa likipata moto upepo hupanda na kipimo hudanganya. Mtu akiwaambia jazeni 45 ili gari liwe jepesi, mwulizeni amesoma wapi.

Kama limelika kwa mashimo mashimo kwa kuzunguka, mfano wa vidimbwi, tazameni shokapu. Shokapu ikichoka gurudumu halitulii, hudundadunda barabarani kama mpira wa watoto, na kila linapotua hung'oa kipande. Barabara zetu za changarawe zenye makunyanzi huua shokapu mapema. Yapo mengi ya kusema juu ya shokapu lakini si ya leo.

Ugonjwa wa gari langu ni kulika upande mmoja. Huo ndio ugonjwa hasa wa magari ya kasi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Simameni, mtanue miguu kama mtu anayengoja kusukumwa. Mnaona miguu imelala, juu imekaribiana na chini imeachana? Mhandisi wa gari la kasi huyalaza magurudumu hivyo kidogo makusudi, ili gari linapokata kona lishike barabara. Kwa hiyo ukingo wa ndani hufanya kazi zaidi tangu kiwandani. Ikiwa kazi hiyo ni ya kiasi, tairi haliharibiki. Lakini springi zikichoka, au kijana akizikata ili gari likae chini lipendeze, au nyuma wakipandishwa watu wanne na magunia ya viazi, gari huinama na magurudumu hulala zaidi. Pia bushi zikiisha, magurudumu hayatazami tena mbele sawasawa. Moja hutazama Nyamongo na jingine hutazama Nata, na gari linakwenda Mugumu. Tairi la namna hiyo haliviringiki tu, bali huburutwa pia. Kosa hili la mwelekeo hula mpira upesi kuliko kosa la kulala. Mtalijua kwa kiganja: mkikipitisha upande mmoja ni laini, mkikirudisha kinakwaruza kama meno ya msumeno.

Dawa yake ni kubadilisha bushi zilizokufa, kurudisha springi zinazofaa, kisha kupeleka gari kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, ile mafundi wanayoiita alaimenti. Miji mikubwa kama Mwanza inazo. Mtaniambia ni mbali na ni gharama. Kweli. Mimi pia nilisema hivyo, nikanunua matairi mawili, halafu mengine manne, halafu nikalipa hospitali. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe.

Gari likishanyooshwa, ndipo mtu achague matairi. Rudini ubavuni mwa tairi, mtafute mstari mkubwa. Langu limeandikwa 205/55R16 91V. Tulisome taratibu.

205 ni upana kwa milimita. 55 ni urefu wa ukuta wa tairi, lakini si milimita, ni sehemu 55 katika kila 100 za upana. Basi 205 mara 55, gawa kwa 100, ni karibu 113. R watu wengi hudhani ni ringi. Sivyo. Ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, zikikatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Ringi ni ile 16, nayo hupimwa kwa inchi. 91 ni nambari ya mzigo: tairi moja laweza kubeba kilo 615, manne kilo 2,460. Gari lenyewe lina kilo 1,300 au 1,400 hivi, kwa hiyo watu watano na mizigo yao wanaenea. V ni mwendo, mwisho kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, S ni 180, Q ni 160. Siwaambii mwende 240, punda na ng'ombe wa Tarime hawajui herufi hizo. Lakini herufi hiyo yaonyesha pia uwezo wa tairi kuvumilia joto la mwendo, na gari lililotengenezewa V lisivalishwe Q kwa sababu ni rahisi.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niweke ringi 17 na tairi la 215/45, maana ndilo la kimashindano. Hesabuni ukuta wake: 215 mara 45, gawa kwa 100, ni karibu 97. Umepungua milimita 16 kuliko langu, upana wa kidole. Kidole hicho ndicho kinachokinga ringi isipinde unapoangukia shimo. Kwenye lami tupu rafiki yangu ana haki, tairi lenye ukuta mfupi hutii usukani upesi. Kati ya Tarime na Mugumu kuna vipande vya lami na vipande vya changarawe, nami nimechagua kidole changu. Hata katika Safari, mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi.

Jambo jingine ambalo sikulijua. Subaru nyingi huendeshwa na magurudumu yote manne. Ukifunga mawili mapya na kuacha mawili yaliyokwisha, makubwa na madogo hayazunguki sawa, na tofauti ya milimita chache tu huichosha difrensha ya katikati siku zote. Kwa gari kama hilo matairi yawe manne ya aina moja na unene mmoja. Kama fedha haitoshi, ngojeni mpaka itoshe, na gari liegeshwe.

Na mwangalie neno "STUDLESS". Likiwapo ubavuni, tairi hilo ni la theluji. Huko Japani wakati wa baridi huyafunga, kisha yaliyotumika huuzwa nchi za nje, na mengine hufika kwetu yakiwa na kashata ndefu za kuvutia. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami yenye jua la mchana huyumba na huisha kama kifutio. Mkiona mshale na neno "ROTATION", gurudumu lifungwe lizunguke upande wa mshale. Mkiona "OUTSIDE", upande huo utazame nje. Fundi wenu akikosea, mwonyesheni kwa adabu.

Zoezi la wiki hii. Kila mmoja atafute gari moja lililosimama, aombe ruhusa kwa mwenyewe, aandike daftarini mstari mkubwa na tarakimu nne za tarehe kwa kila tairi, na la spea msilisahau. Spea ndilo linalozeeka bila mtu kulitazama. Ubavuni andikeni pia mpira umelika wapi: ndani, nje, katikati, kingo zote au kwa mashimo. Mkiona tairi lililopita miaka 10, mwambieni mwenye gari siku hiyo hiyo.

Yule mzee fundi aliniruhusu niwaambie hili. Siku alipojifunza maana ya tarakimu nne alirudi kibandani kwake akasoma matairi yote aliyoyaweka kwa kuuza. Yalikuwa 11. Sita aliyatoa nje, akayakata. Mkewe alikasirika, maana yalikuwa fedha ya karo. Mpaka sasa anauza makatambuga.

Kwaherini, mpaka Jumanne saa kumi na mbili jioni.