Waziri Mkuu na Kura Moja

Ndugu wanavikundi, mara nyingi tunaulizwa: Waziri Mkuu na Rais wana tofauti gani? Sisi Wakenya tuliwahi kuongozwa na Waziri Mkuu, Mzee Jomo Kenyatta, kuanzia Juni 1963 hadi tulipokuwa jamhuri Desemba 1964.

Katika mpango huo, wananchi huchagua wabunge tu. Anayeungwa mkono na wabunge wengi ndiye huunda serikali. Yeye na mawaziri wake hukaa humo humo bungeni na kuulizwa maswali. Wabunge wakikosa imani naye, basi, ajiuzulu ama uchaguzi uitishwe.

Si maneno matupu. Kule Uingereza, tarehe 28 Machi 1979, Waziri Mkuu James Callaghan alishindwa kwa kura 311 kwa 310. Mbunge mmoja wa chama chake alikuwa mgonjwa sana, hakufika. Uchaguzi ukaitishwa, na mwezi wa Mei serikali ikabadilika.

Sasa turudi kwa vikundi vyetu. Je, mwenyekiti na mweka hazina huwa tunawauliza maswali? Na siku ya mkutano, sisi wenyewe tunafika? Tusiseme, “Mimi ni mmoja tu.” Hata mmoja huhesabiwa.