Mwezi Umeonekana, au Wadhani?

Kila Ramadhan, Kitengela hadi Kajiado mjini, swali ni moja: mwezi umeandama? Hebu tutenganishe mambo mawili. Kuonekana mwezi ni kweli au si kweli. Hata mtaa mzima ukidhani, kama haukuonekana, haukuonekana. Lakini je, tufuate mwandamo wa Kenya au wa Makka? Hiyo ni rai, na wanazuoni wamekhitalifiana. Basi ukiletewa habari, uliza: nani kauona, wapi? Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuchunguze. Ukiletewa rai, uliza dalili, maana rai zote hazina uzito sawa. Ila usimwite nduguyo mpotevu eti yeye kafunga nawe wala Idi. Ramadhan Karim.