Gari Linapohesabiwa Kuwa Hasara Kamili: Yafahamu Kabla ya Kutia Sahihi

Mazungumzo kwa wamiliki wa vyombo vya moto



Leo tutazungumza juu ya jambo moja katika bima ya gari, nalo ni hasara kamili. Neno hili hutumika pale gari linapoharibika katika ajali kiasi kwamba halitengenezeki tena, au kulitengeneza kunagharimu kuliko faida yake. Mtaani husema gari limekufa. Kwa familia nyingi gari ndilo mali yenye thamani kubwa kuliko zote baada ya nyumba, na kwa wengine ndilo chombo cha kutafutia riziki. Kwa hiyo siku ambayo kampuni ya bima inakuandikia kwamba gari lako ni hasara kamili na kukutajia kiasi itakacholipa, kuna fedha nyingi zinazoamuliwa kwa sahihi moja. Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: kiasi hicho kina vipande vyake, kila kipande kina sababu yake, nanyi mnayo haki ya kuelezwa vyote kabla ya kukubali.

Tuanze na msingi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Bima hiyo humlinda mtu mwingine uliyemdhuru. Gari lako mwenyewe likiharibika, bima ndogo haitalilipa. Anayelipwa na kampuni yake kwa uharibifu wa gari lake ni yule mwenye bima kubwa. Mwenye bima ndogo aliyegongwa na dereva mwenye makosa anaweza kudai kwa kampuni ya bima ya dereva huyo. Kwa sababu hiyo, chukua namba ya gari lake papo hapo na uhakiki katika mfumo wa TIRA MIS kwamba bima yake ni hai. Stika ya bima peke yake isikutosheleze.

Bima hukusudia kumrudisha mwenye mali katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, si kumtajirisha wala kumpunguzia. Kampuni hukulipa thamani ya soko ya gari lako siku ya ajali, au kiasi kilichoandikwa katika mkataba, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wengi hudhani kwamba wakiandikisha gari kwa milioni 18, basi watalipwa milioni 18. Hiyo ni dari tu. Chini ya dari hiyo kampuni hutazama gari lenyewe lilikuwa na thamani gani jana yake.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, tarakimu zake ziwe rahisi kufuatilia. Mama mmoja ameandikisha gari lake kwa shilingi 18,000,000. Siku ya ajali thamani yake sokoni ilikuwa shilingi 15,000,000. Gereji inakadiria matengenezo kuwa shilingi 11,000,000, na mabaki ya gari yanaweza kuuzwa kwa shilingi 5,000,000. Atauliza, kwa nini lisitengenezwe ilhali matengenezo ni madogo kuliko thamani ya gari? Jibu ni kwamba kampuni ikimlipa 15,000,000 na kuuza mabaki kwa 5,000,000, hasara yake ni 10,000,000, wakati kulitengeneza kungeigharimu 11,000,000. Hapo ndipo gari huhesabiwa kuwa hasara kamili, ingawa injini yake huenda bado inawaka.

Kipande cha kwanza cha hesabu ni hiyo thamani ya soko, na ndicho chenye mabishano mengi. Mkadiria hasara hutazama aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, kilomita lililotembea na hali yake kabla ya ajali. Magari mengi tunayotumia huja yakiwa yametumika Japani. Bei inayostahili kutazamwa ni ile ambayo gari la namna hiyo linauzwa hapa nchini, likiwa limekwisha kulipiwa usafiri na kodi. Bei ya bandarini kule lilikotoka haitoshi. Tuseme kampuni ilianza kwa kumtajia mama yetu thamani ya shilingi 13,000,000. Yeye akaleta bei za magari matatu ya aina ileile na mwaka uleule kutoka yadi mbalimbali, risiti za matengenezo aliyoyafanya, na picha za gari lilivyokuwa. Kampuni ikapitia upya na kufika 15,000,000. Lugha kali haikuhitajika, ushahidi ulitosha.

Kipande cha pili ni sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Imeandikwa katika mkataba, mara nyingi kwa asilimia. Tukichukua asilimia 10, mama yetu atakatwa shilingi 1,500,000 na kubaki na 13,500,000. Kama angekubali ile thamani ya kwanza ya 13,000,000, angepata 11,700,000. Tofauti ya shilingi 1,800,000 imetokana na siku chache za kukusanya karatasi.

Kipande cha tatu ni mabaki. Kampuni ikishakulipa thamani yote, mabaki huwa yake. Ukitaka kubaki nayo, omba mapema, na kampuni ikikubali itakata thamani yake katika malipo. Kwa mfano wetu, 13,500,000 toa 5,000,000 hubaki 8,500,000. Uliza thamani hiyo ya mabaki imepatikanaje, kwa sababu ikikuzwa, wewe ndiye unayepunjwa. Pima pia kama unao uwezo wa kulifufua gari hilo kwa usalama. Gari lililopinda fremu huweza kurudi barabarani likiwa na rangi nzuri na hatari ileile.

Kipande cha nne ni deni. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na jina la benki au taasisi ya mkopo katika mkataba wa bima, na mkopeshaji hulipwa kwanza. Tuseme mama yetu anadaiwa 9,000,000. Katika zile 13,500,000, mkononi mwake zitafika 4,500,000. Akichagua kubaki na mabaki, malipo ya 8,500,000 hayatamaliza deni, naye atakuwa na gari bovu uani na deni la 500,000 benki. Mwombe mkopeshaji salio la deni kwa maandishi kabla ya kuchagua.

Ndugu washiriki, hapa niseme jambo linaloumiza wengi. Yupo anayeandikisha gari la milioni 15 kwa milioni 10 ili apunguze ada ya bima. Mwaka ukipita salama, huona amefanya busara. Gari likiangamia, dari yake ni 10,000,000. Ondoa asilimia 10, zinabaki 9,000,000. Benki inachukua 9,000,000. Mwenye gari anaondoka bila gari na bila shilingi, kwa ajili ya ada aliyoiokoa. Kuandikisha zaidi ya thamani nako hakusaidii, kwa kuwa utalipia ada ya fedha ambazo hutalipwa. Kila unapohuisha bima, tazama upya thamani ya gari, na likiwezekana lithaminiwe na uhifadhi ripoti hiyo.

Tuje katika mwenendo baada ya ajali. Kwanza ni uhai: wahudumiwe majeruhi. Kisha toa taarifa polisi na kwa kampuni yako bila kuchelewa, kwa kuwa mkataba huweka muda wa kufanya hivyo. Usimwahidi mtu yeyote malipo pale barabarani. Piga picha za magari yote, alama za barabarani na mahali penyewe. Pata taarifa ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Gari lisifunguliwe wala kutengenezwa kabla ya mkadiria hasara kuliona. Uliza mapema ni nani anayelipa gharama ya kulivuta na ya kulihifadhi yadi, maana gharama ya hifadhi huongezeka kila siku. Toa vitu vyako vyote ndani ya gari. Fomu ya madai ijazwe kwa ukweli, kwa sababu mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu, na jibu la uongo juu ya nani alikuwa anaendesha au gari lilikuwa likitumika kwa kazi gani huweza kuyaangusha madai yote. Gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi na kisha likabeba abiria kwa malipo ni chanzo cha madai kukataliwa.

Mwishoni mwa njia hiyo kampuni itakupa hati ya kukubali malipo. Hiyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote. Ukiitia sahihi, kwa kawaida unatamka kwamba umeridhika na kwamba madai yamekwisha. Kabla ya hapo omba, kwa maandishi, maelezo ya hesabu: thamani ya soko iliyotumika na ilivyopatikana, makato, thamani ya mabaki, na kiasi kinachokwenda kwa mkopeshaji. Omba pia kuiona ripoti ya mkadiria hasara. Ukihimizwa usaini leo kwa kuwa kesho fedha hazitakuwapo, jibu kwa upole kwamba utasaini ukishaelewa. Hati ikiwa katika lugha usiyoimudu, tafuta mtu unayemwamini akusomee.

Usiporidhika, andika barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe, ukitaja namba ya mkataba, namba ya madai, kiasi unachopinga na ushahidi wako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni isipojibu, au jibu lisipokuridhisha, lete malalamiko hayo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya namna hii, na mlango wa mahakama haujafungwa. Niwe mkweli kwenu: Mamlaka haiwezi kuiamuru kampuni ilipe zaidi ya haki ya mkataba kwa sababu tu mtu amepata hasara kubwa. Anayekuja na hesabu iliyochambuliwa na nyaraka zake husaidika kwa haraka kuliko anayekuja na neno moja tu, kwamba ameonewa.

Malipo yakishafanyika, hakikisha umiliki wa gari umehamishwa katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato. Gari likiuzwa kama mabaki huku kadi ikiendelea kusoma jina lako, faini za barabarani za mnunuzi na makosa mengine yatakutafuta wewe. Fahamu pia kwamba mkataba wa bima ya gari hilo kwa kawaida hukoma, na ada ya miezi iliyobaki hairudishwi, kwa kuwa kampuni imekwisha kutimiza ahadi yake. Gari jipya litahitaji bima yake kabla halijaingia barabarani.

Nawaomba jambo moja la kufanya leo jioni. Itoeni ile hati ya bima iliyo kabatini au ndani ya gari, mtafute kiasi kilichoandikishwa, asilimia mtakayokatwa, na jina la mkopeshaji kama lipo. Andikeni taarifa hizo mahali pengine nje ya gari, kisha mjiulize kama gari hilo likiangamia usiku huu zitawatosha. Kama hazitoshi, wakala au dalali wenu wa bima anaweza kurekebisha kesho asubuhi. Baada ya ajali hawezi.