Nani Anamjua Rafiki Yako?

Msikilizaji, Tanzania mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni katikati ya mwaka. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Kijana aliyelala bweni miaka minne, ambako kukutwa na simu tu kunatosha kumfukuzisha, anarudi nyumbani. Wenzake wa darasani wametawanyika, huyu Tunduma, huyu Babati, yule Mafia. Na ni katika kipindi hicho hicho ndipo wengi wao hupewa simu janja ya kwanza. Hana shule, hana kazi, ana bando. Sasa unategemea apate wapi marafiki?

Wazazi wengi wanalalamika. Nawasikia kwenye daladala, nawasikia hata msibani: watoto wa siku hizi wanachati na watu wasiowajua. Kauli hiyo ikitoka kwa mtu wa rika langu huwa inanichekesha, maana naona tumesahau makusudi. Sisi tuliokulia enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa na marafiki wa kalamu, tukatumiana picha ndani ya bahasha. Na tulikuwa na kadi za salamu.

Kwa mliozaliwa juzi, kadi ya salamu ilikuwa kipande cha karatasi chenye mistari. Unaandika jina lako na sanduku lako la posta, kisha majina ya unaowasalimu, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni ujumbe. Ujumbe huo mara nyingi ulikuwa methali, au fumbo la kumchokoza mtu fulani ambaye wasikilizaji wenzake walimtambua mara moja. Mtu wa Nachingwea alimsalimu mtu wa Bukoba bila kuwahi kumtia machoni. Baadaye wanasalamu hao wakaunda klabu, wakatembeleana, wakachangiana kwenye harusi na misiba. Kenya nako mambo yalikuwa hayo hayo. Kwa hiyo urafiki na mtu usiyemwona haukuletwa na simu. Sisi wa redio ndio tuliouza kadi.

Tofauti iko kwingine. Salamu zile zilisomwa hewani. Jina lako lilipotajwa, shangazi alisikia, mwalimu alisikia, muuza duka alisikia, na kesho yake walikuuliza: huyu wa Bukoba ni nani? Ukajibu, ukipenda usipende. Leo urafiki unaanzia kwenye ukurasa wa wazi, siku mbili tatu mbele unahamia inboksi, na huko hakuna shangazi.

Kabla sijafika kwenye ubaya wake, niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi kulisikia. Kwa baadhi ya vijana, rafiki wa kwenye simu ni bora kuliko wa jirani. Chukua kijana mwenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinaujua. Huenda darasa zima mwenye ugonjwa huo ni yeye peke yake. Wenzake wanamwona anakosa masomo wiki nzima, wanamwita mvivu. Kuna na wale wanaonong'ona kwamba karogwa. Kwenye grupu la simu anakutana na wenzake wa Tarime, wa Kigoma, wa Kisumu, wanaojua mwezi wa Juni wenye baridi una maana gani kwenye mifupa. Mmoja anamkumbusha kunywa maji kabla ya kwenda mchakamchaka. Mwingine anamuuliza kama vidonge vya foliki ameshameza. Saa nane usiku maumivu yakimwamsha, yuko mtu wa kumwandikia. Ukimnyang'anya simu huyo umemnyang'anya wenzake wote kwa mpigo.

Haya, sasa upande wa pili.

Tapeli wa zamani tulimzoea: anakutumia ujumbe kwamba ile hela tuma kwenye namba hii, unacheka, unafuta. Huyo alikuwa na haraka. Wa leo hana haraka hata kidogo. Anakusalimia asubuhi, anakuuliza umekula nini, anakumbuka siku yako ya kuzaliwa. Wiki zinapita hajaomba hata vocha. Kisha siku moja, tena kama vile kapitiwa tu, anataja mchongo wake wa biashara ya mtandaoni. Unaweka kidogo, unaona faida, unaruhusiwa hata kuitoa. Hapo ndipo unapokwenda kukopa uweke kubwa, na hiyo hairudi.

Na nani yuko upande wa pili wa simu? Hapa ndipo hata kulaani hunishinda. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha nyumbani vijana wake kutoka Myanmar na Laos. Walikuwa wameona tangazo la kazi mtandaoni, mshahara mzuri, Thailand. Walipofika wakavushwa mpaka, wakanyang'anywa pasi za kusafiria, wakafungiwa kwenye majengo yenye walinzi na kupewa kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza urafiki na watu wa mbali hadi watoe fedha, na aliyeshindwa kufikisha kiwango alipigwa. Mwanzoni mwa 2025 watu elfu kadhaa walitolewa kwenye kambi za aina hiyo karibu na mji wa Myawaddy, Myanmar, na miongoni mwao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Kwa hiyo yule anayekuuliza kila asubuhi kama umeamka salama anaweza kuwa kijana wa kwetu, aliyemaliza chuo, ambaye naye aliingia kwa mtego wa maneno matamu kama hayo hayo.

Australia imechukua njia ya sheria: tangu Desemba 10, 2025, mitandao mikubwa hairuhusiwi kuwa na akaunti za watoto chini ya miaka 16. Waache wajaribu. Sisi huku hata laini anayotumia mtoto mara nyingi si yake, imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mama. Kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, anayechati na mgeni usiku wa manane ni mama mwenyewe, na mama huyo yuko chumba cha pili anakoroma.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinatoka kwenye zile kadi. Rafiki ajulikane. Rafiki wa mtaani akija nyumbani hapiti moja kwa moja chumbani. Anaanza na shikamoo kwa mama. Wa kwenye simu naye asalimie. Mwanao akiwa anaongea naye kwa video, mwambie, hebu nipe nami nimsalimu mwenzio. Usimhoji kama polisi. Muulize wazazi hawajambo, huko mvua zimenyesha? Hiyo si kinga kamili, nakiri, maana wale wa kambi wanao hata watu wa kuajiriwa kuonyesha sura kwenye video. Lakini Waswahili tuna ndugu kila mji. Akisema yuko Kitale, Kitale hatukosi mtu. Tapeli anaweza kuandaa sura na sauti, ila binamu wa Kitale atakayepita kuulizia kwenye duka alilolitaja mwenyewe, huyo hamwezi.

Na wewe kijana unayenisikiliza kwa simu hiyo hiyo: rafiki anayekwambia usimwambie mtu yeyote kuhusu yeye, mtaje leo, hata kwa dada yako tu.

Ikiwa fedha zimeshaondoka, mzazi, fimbo iweke pembeni kwanza. Pigeni simu kwa kampuni ya mtandao wenu mara moja, huenda fedha hazijatolewa. Walio Tanzania, tumeni neno utapeli kwenda namba 15040, mfuate maelekezo kuitaja namba ya tapeli. Kisha mbonyeze *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mazungumzo katika simu msiyafute, hata yale ya aibu, kwa sababu polisi watayahitaji. Na mtoto awepo mnapofanya yote hayo, maana yeye ndiye anayezijua siku, majina na namba.