LESENI KWANZA, NDIPO UPANDE

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Tarawehe)



 Najua wengi mlitarajia mada ya fadhila za kumi la mwisho. Hiyo mashekhe wetu watawapa, nao wanaijua kuliko mimi. Mimi nimeombwa nizungumzie pikipiki. Msicheke! Katika sisi tuliokaa hapa, nani hana jamaa au jirani anayetembelea magongo kwa sababu ya pikipiki?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Ramadhani ya mwaka 2022 nilikuwa nishaendesha miaka 2 bila leseni. Alinifundisha rafiki yangu, jioni moja tu, kwenye kiwanja cha mpira: hii klachi, hii gia, hapa mafuta, haya nenda. Nikajiona dereva. Siku hiyo tunatoka sokoni Kongowea, mimi na mdogo wangu wa miaka 12, tumebeba futari, na adhana ya Magharibi imekaribia. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kunyunya. Tuktuk iliyokuwa mbele yetu ikasimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likateleza, tukaenda chini.

Mimi nilichubuka kiwiko. Mdogo wangu aligonga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Na helmeti, jamani, ilikuwepo! Ilikuwa imening'inia kwenye mkono wangu kama kikapu.

Alilala hospitali siku 11. Bangili za mama zikauzwa. Lakini lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Yule mtoto alikuwa amehifadhi juzuu 9. Aliporudi chuoni, ustadhi akamwanzishia aya, yeye akanyamaza. Akajaribu tena, akanyamaza. Akaanza kulia. Mimi nilikuwa mlangoni nimekuja kumchukua.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kujiandikisha shule ya udereva. Nilikwenda kwa ajili ya karatasi tu, maana nilidhani kuendesha nakujua. Siku ya kwanza mwalimu akaniambia: endesha mpaka kwenye ule mstari, kisha simama. Nikasimama hatua nyingi kupita mstari. Akaniuliza, "Umetumia breki gani?" Ya nyuma, mwalimu. "Na ya mbele umeiweka pambo?"

Sikilizeni hili, maana waendeshaji wengi mitaani hawalijui. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi huegemea mbele. Kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo hushika barabara, na breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi. La nyuma huwa jepesi, ukilikanyagia kwa nguvu litafunga na kuteleza. Sisi tunaambiana mitaani kwamba breki ya mbele itakurusha. Itakurusha ukiinyakua. Ukiibana polepole kwa vidole, huku ukizidisha, pamoja na ya nyuma kidogo, na pikipiki ikiwa imenyooka, utasimama. Nilikaa siku nzima nikifanya hilo tu. Kila mara nilikuwa nikiiona ile tuktuk.

Tulifundishwa pia macho. Ukilikodolea shimo macho, utaliingia; tazama pale unapotaka kupita. Tena ukiongeza kasi mara mbili, masafa ya kusimamia kwa breki hayawi mara mbili, yanakuwa mara nne. Na mvua inapoanza, zile dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyomwagika barabarani hupanda juu ya maji. Hayo yote yalinitokea siku moja, nami sikujua hata moja.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unaomba leseni ya muda ya mwanafunzi kupitia mtandao wa serikali, unasoma alama za barabarani na ule ubao wenye kimji cha mfano, unafanya mazoezi, kisha unatahiniwa na maafisa wa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Daraja la A2 ni la pikipiki yako ya kawaida. Anayebeba abiria kwa malipo, au anayeendesha tuktuk, anahitaji A3. Wako wanaobeba watu na A2 na kusema wana leseni. Na wako waliopitia mlango wa nyuma, wakailipia leseni bila kugusa pikipiki. Ndugu yangu, umefunga mchana kutwa, na mfukoni una karatasi ya rushwa?

Kisha kuna dhamana. Bima yaweza kukataa kulipa aliyeendesha akiwa hana leseni. Hiyo ni ya hapa duniani. Tuliosoma fiqhi chuoni tunakumbuka mlango wa kuua kwa makosa: kuna diya, na kuna kafara ambayo kwa asiyekuwa na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Mimi nilipousoma nilidhani ni habari za mishale na mawindo. Usiku ule pale hospitali, nimekaa kwenye benchi, niliukumbuka mlango huo wote.

Sasa dada zetu. Sheria inataka abiria mmoja tu, na yeye pia avae helmeti na koti la kung'aa. Najua mnaikataa ile helmeti ya bodaboda kwa sababu ya jasho la watu, na hamkukosea. Basi nunua yako. Mtandio uufunge bapa, bila pini na bila fundo la nyuma, ili helmeti ikae, na mkanda wa kidevu uufunge, la sivyo itatangulia kuruka kabla yako. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Na buibui, tafadhali! Likunje ulikalie kabla pikipiki haijaondoka. Likishikwa na mnyororo au gurudumu halichaniki haraka; linakuvuta wewe.

Nanyi wazazi, msimtume kijana sokoni kwa pikipiki saa kumi na mbili jioni mkimwambia awahi adhana. Ana kiu, macho mazito, na barabara nzima inakimbilia tende. Tende tatu na maji akaziweka mfukoni, akafuturu popote adhana itakapomkuta.

Mdogo wangu alianza upya kutoka Juzuu Amma. Sasa amefika juzuu ya 6, alhamdulillah, ingawa bado ananiomba nimsikilize polepole. Juzi aliniuliza kama naweza kumpeleka Nyali kwa pikipiki. Nikamnunulia helmeti ya saizi yake kwanza.

Vijana 7 wameshaniambia wanataka kujiandikisha pamoja, huenda tukapunguziwa ada. Anayetaka kuongezeka, awe ametimiza miaka 18, aje Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, hapa hapa msikitini, baada ya Alasiri. Aje na kitambulisho na viatu vya kufunga. Kwa malapa mwalimu hakupandishi.