Mwenye Kosa Ndiye Abebaye Jani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya viongozi wa matawi)



Leo twawapeleka bara, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tukajifunze jambo linalotuhusu sisi watu wa visiwani.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga watu 19, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Walishitakiwa kupanga uasi; na wanahistoria wengi wasema fitina hiyo ilitoka kwa hasimu wao, Marealle wa Marangu. Mlima ukapata majeraha mawili: la mgeni aliyeua kwa dharau, na la jirani aliyechongea.

Jirani alikuwa na dawa. Wachagga wana jani liitwalo isale. Mwenye kosa hulipeleka kwa aliyemkosea, au humtuma mzee wa kuheshimiwa; na aliyeletewa huona haya kukataa suluhu. Tazameni vyema: aliyeumizwa hadaiwi kutangulia. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle, mjukuu wa Marealle yule yule, awe Mangi Mkuu wa mlima mzima. Na mwaka 1960 cheo hicho wakakiondoa kwa kura, si kwa mkuki.

Jeraha la mgeni lilikawia. Mafuvu yalikuwa yamechukuliwa hadi Ujerumani, na wazao wa Meli hawakuchoka kuuliza. Septemba 2023 Berlin ilitangaza kuwa jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu wamepatikana, likiwamo la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Na sisi je? Juni 1961 watu 68 waliuawa Unguja, wengi wao Waarabu. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, khasa Pemba. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ikaidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wakubwa walipeana mikono, lakini mitaani wafiwa waliambiwa tu, "Sahauni."

Hatusemi hivyo. Kila kiongozi wa tawi aende kwa wafiwa wa mtaa wake, wawe wetu au wa wapinzani wetu, ayasikilize na kuyaandika majina ya wafu wao. Tunapodai haki ya 2001, tusiinamishe macho ikitajwa 1961. Na pale ambapo mkono ulionyanyuka ulikuwa wetu, jani tulibebe sisi, tena mwanzo.