Mitandao ya Vituo vya Kuchaji Magari ya Umeme: Ulinganisho na Maana Yake kwa Barabara ya Songea–Tunduru–Masasi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wadau wa usafiri na nishati, Tunduru



1. Utangulizi

Nimeombwa nilinganishe mitandao ya vituo vya umma vya kuchaji magari ya umeme na kueleza sisi wa Tunduru tunajifunza nini. Nina hoja moja tu. Mtandao wa kuchaji hupimwa kwa kipande chake kigumu kuliko vyote. Nchi inaweza kuwa na vituo vingi mjini, lakini kama kati ya miji miwili kuna kipande ambacho gari haliwezi kukimaliza, msafiri wa kipande hicho hana mtandao. Barabara yetu ina kipande cha namna hiyo, kwa hiyo nitaanza nayo.

2. Hesabu ya barabara yetu

Kutoka Songea hadi Namtumbo ni takribani kilomita 70. Kutoka Namtumbo hadi Tunduru ni takribani kilomita 190, kupitia Kilimasera na Matemanga, na sehemu kubwa ni pori ambalo tembo hulivuka wakielekea Niassa, upande wa Msumbiji. Kutoka Tunduru hadi Mangaka ni kilomita 137, kisha zimebaki kama 55 kufika Masasi.

Tuchukue gari ambalo Mtanzania wa kipato cha kati anaweza kuliagiza likiwa limetumika: Nissan Leaf kutoka Japani. Ile ya kwanza, yenye betri ya uniti 24 (kilowati-saa 24), ilipimwa Marekani ikiwa mpya na kupewa kilomita 117 kwa chaji moja. Ya baadaye, yenye uniti 40, ilipewa kilomita 243. Betri huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na betri za Leaf hizi mbili hazina mfumo wa kupoozwa kwa maji, jambo linaloumiza zaidi kwenye joto kama letu. Leaf ya uniti 40 iliyobaki na robo tatu ya uwezo wake ina uniti 30. Kwa wastani wa kilomita 6 kwa uniti, itakwenda kilomita 180. Ikiwa imejaa itatoka Namtumbo vizuri, itapita Matemanga, na itazima kilomita 10 kabla ya Tunduru mjini.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuonyesha kituo kiwe wapi. Matemanga iko kama kilomita 60 kutoka hapa. Kituo kimoja Matemanga kina thamani kubwa kwa barabara hii kuliko vituo vitano vilivyorundikwa Songea mjini.

3. Mitandao iliyopo na mafunzo yake

Mfano wa kwanza ni mtandao wa kampuni moja. Tesla ilianza kujenga vituo vyake mwaka 2012 kwa ajili ya magari yake peke yake. Faida yake ilikuwa dhahiri: dereva anachomeka, gari linatambuliwa, malipo yanakatwa, na vituo vilipangwa kwa kufuata safari ndefu. Upungufu wake ni kwamba mwenye gari la aina nyingine alipita tu. Mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kufungua vituo kwa magari mengine, ikianzia Uholanzi. Fundisho ni kwamba mtandao uliofungwa hujengwa haraka, ila huwaacha wengine nje.

Mfano wa pili ni sheria. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024 inazitaka nchi wanachama kuwa na kituo cha magari madogo kila kilomita 60 kwenye barabara kuu za mtandao wa bara lile. Chaja mpya za kasi, kuanzia kilowati 50, lazima zipokee malipo ya kadi ya kawaida, bila mteja kulazimika kujiunga na kampuni yoyote. Angalieni kilichopimwa pale: umbali kati ya kituo na kituo, pamoja na haki ya mpita njia kulipa na kuondoka.

Mfano wa tatu uko kwa majirani zetu, nao ni wa bei na motisha. Kenya iliweka mwaka 2023 kundi maalumu la bei kwa kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya nchi ni madogo. Rwanda ilipitisha mkakati wake Aprili 2021: msamaha wa kodi kwa magari ya umeme na vifaa vya kuchajia, bei ya umeme ya viwandani kwa vituo, na ardhi ya serikali bila kodi ya pango kwa wanaojenga vituo. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 ilipozuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Kati ya hatua hizo, ile ya Rwanda kuhusu ardhi inatugusa moja kwa moja, kwa sababu halmashauri zetu zina viwanja pembeni ya barabara kuu.

Mfano wa nne ni wa kubadilisha betri. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 kwa pikipiki za abiria. Dereva anafika, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipa tofauti ya umeme alioutumia, anaondoka ndani ya dakika chache. Betri ni mali ya kampuni, kwa hiyo bei ya kununua pikipiki inashuka na hofu ya betri kuchoka inabaki kwa kampuni. Udhaifu ni ule ule wa mfano wa kwanza: betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikifunga milango, pikipiki inabaki chuma.

4. Plagi, malipo na umeme wenyewe

Kuna mambo matatu ambayo vipeperushi vya biashara huyapita haraka.

La kwanza ni plagi. Leaf ya Japani huchaji kwa kasi kupitia plagi ya CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia GB/T. Yaliyotengenezwa kwa Ulaya hutumia CCS2. Kwetu zinaweza kuingia aina zote tatu. Kituo chenye mkono mmoja kitawakataa wateja wa aina mbili kati ya hizo tatu.

La pili ni malipo. Mtandao unaodai kadi ya benki au programu inayohitaji intaneti ya uhakika utamshinda dereva akiwa Kilimasera. Malipo ya kituo chetu yawe ya pesa za simu kwa menyu ya kawaida, kama tunavyonunua umeme wa LUKU.

La tatu ni uwezo wa umeme. Songea ilifikiwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024. Kwa hiyo taifa lina umeme, lakini mahali kituo kinapochomekwa ni suala jingine. Chaja moja ya kasi ya kilowati 50 inaweza kuimeza transfoma nzima ya kVA 50. Fundi wa kuchomelea akiwasha mashine yake kijijini, taa za majirani hufifia. Chaja ya kasi ni mzigo wa mashine kadhaa za aina hiyo kwa saa nzima. Lakini chaja ya kilowati 7 hujaza Leaf ya uniti 40 kwa saa 7 hadi 8, kama gari linaweza kupokea kasi hiyo, na betri 10 za pikipiki zinazochajiwa polepole usiku hazizidi kilowati 5. Laini zetu zinaubeba mzigo huo.

Kuhusu gharama, shilingi 10,000 za LUKU kwa bei ya kawaida ya nyumbani hutoa takribani uniti 28. Kipande cha Namtumbo–Tunduru kinahitaji uniti kama 32, yaani takribani shilingi 11,500. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia karibu lita 16, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 48,000. Kituo cha umma kitauza ghali kuliko nyumbani, maana mwekezaji lazima arudishe fedha yake. Hata akiuza mara mbili, dereva bado anapata nafuu kubwa.

5. Mapendekezo

Kwanza, tuanze na bodaboda. Vijijini petroli imefika kwa chupa, mezani mbele ya nyumba, bila kusubiri kituo kikubwa. Kwa umeme, chupa hiyo ni betri ya kubadilisha. Maghala ya vyama vyetu vya ushirika vya korosho (AMCOS) yana paa, mlinzi na karani anayejua kutunza daftari. Yanafaa kuwa vituo vya kubadilishia betri. Msimu wa korosho ndipo vijana wengi hununua pikipiki, kwa hiyo vituo viwe tayari kabla ya minada kuanza.

Pili, yajengwe maeneo manne ya kuchaji magari: Namtumbo, Matemanga, Tunduru mjini na Mangaka. Kila eneo lianze na chaja mbili za kilowati 7, na chaja ya kasi ije pale transfoma itakapoongezwa. Mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, ambao ni wa shirika la umeme, TANESCO, ndio utakaofungua hatua hiyo.

Tatu, halmashauri zitoe ardhi kwa masharti matatu yatakayoandikwa kwenye mkataba: kituo kihudumie kila aina ya gari, kipokee pesa za simu, na kirekebishwe ndani ya muda uliotajwa kikiharibika. Atakayeshindwa, eneo lirudi.

Nne, Shirika la Viwango (TBS) liongoze katika viwango vya plagi na betri za pikipiki kabla soko halijagawanyika, na mdhibiti wa nishati, EWURA, aweke bei ya kuchaji yenye punguzo la usiku.

6. Hitimisho

Barabara hii ilichukua miaka mingi kupata lami, na kwa muda huo wote Tunduru ililipa nauli na bei za bidhaa za mtu wa mwisho kwenye foleni. Safari hii mtandao bado haujachorwa. Naiomba semina hii iazimie kwamba kila mpango wa kuchaji utakaoletwa mkoani Ruvuma uulizwe kwanza kuhusu kipande cha Namtumbo hadi Tunduru. Mpango usio na jibu la kipande hicho urudishwe kwa aliyeuandika.